Nani Huandika Maelezo? Safari za Matini za Kiswahili kutoka Kongo na Lamu hadi Hifadhi za Kidijitali

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia safari za matini tatu zilizotoka katika ukanda wetu na kuhifadhiwa ng'ambo: tawasifu ya Tippu Tip, historia ya mji wa Élisabethville iliyoandikwa na watumishi wa nyumbani, na miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu. Hoja kuu ni kwamba ufikiaji wa kimataifa na muktadha wa mahali havikuwahi kuwa pande mbili za mizani moja. Kilichoamua kama wenyeji wangefaidika na nakala ni jambo ambalo mikataba ya leo hulitaja kwa mistari michache tu: nani aliandika maelezo ya nakala hiyo, kwa lugha gani, na nakala nyingine iliwekwa wapi.

Utangulizi

Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, vyuo vikuu, makumbusho na hifadhi za nyaraka za Afrika Mashariki na Kati vimekuwa vikiingia katika mikataba ya kuhamishia mali zao za kitaaluma kwenye mfumo wa kidijitali. Lugha ya mikataba hiyo ina nasaba inayojulikana. Tamko la Budapest la 2002 na Tamko la Berlin la 2003 yalidai kwamba matunda ya utafiti yapatikane mtandaoni bila malipo na bila vizuizi. Novemba 2021, UNESCO ikapitisha Pendekezo kuhusu Sayansi Huria. Upande wa pili kuna nyaraka zenye mwelekeo mwingine. Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, na mwaka 2019 zilitolewa kanuni zinazoitwa CARE, zinazotaka jamii ziwe na mamlaka juu ya data zinazozihusu.

Mshauri wa sera anayezisoma nyaraka hizi kwa pamoja hupata taswira ya mizani. Kulia kuna uwazi kwa dunia nzima. Kushoto kuna haki na muktadha wa mahali. Kazi yake ni kutafuta pale mkono wa mizani unapotulia. Taswira hii inavutia kwa sababu inampa kila mtu nusu ya anachokitaka. Kwa mtazamo wa mwandishi wa makala haya, inapotosha. Inachukulia kwamba kila hatua ya kumfungulia msomaji wa mbali humpunguzia kitu msomaji wa karibu, na kinyume chake. Historia ya matini za Kiswahili haioneshi hivyo. Inaonesha kwamba matini hiyohiyo, ikiwa wazi kwa kiwango kilekile, inaweza kuwa bubu au kusema, kutegemea kazi iliyofanywa au kuachwa pale nakala ilipotengenezwa.

Tumechagua matini ambazo kwa kiasi kikubwa zinatuhusu sisi wa bara, tusio na bahari lakini tulio na Kiswahili. Mjadala wa urithi wa maandishi ya Kiswahili kwa kawaida huanzia Pate na kuishia Mombasa, kana kwamba lugha ilipopanda bara iliacha wino pwani.

Tawasifu iliyozunguka dunia

Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alifariki Zanzibar mwaka 1905. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa ameandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliinukuu kwa herufi za Kirumi, akaitafsiri kwa Kijerumani, na kuichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903 katika jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki. Kwa hiyo, mojawapo ya maandishi marefu ya mwanzo ya nathari ya Kiswahili yenye kuhusu Kongo ya mashariki ilifikiwa kwanza na wasomaji wa Berlin. Mtu wa Kasongo au Nyangwe, miji inayotajwa humo, hakuwa na namna ya kuisoma.

Zamu ya pili ilikuwa ya Kampala. Wakati huo Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Makerere, na W. H. Whiteley aliitoa upya matini hiyo pamoja na tafsiri ya Kiingereza, ikiwa nyongeza ya jarida la Kamati, mwaka 1958 na 1959. Alison Smith aliiandikia utangulizi wa kihistoria. Zamu ya tatu ilikuwa Brussels mwaka 1974, pale François Bontinck, mwanahistoria aliyefundisha Kinshasa, alipotoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi mno ya majina ya watu, mito na watemi. Hapa kuna jambo la kustaajabisha kidogo. Mkongo aliyesoma shule ya Kifaransa, mwenye Kiswahili kama lugha ya nyumbani, alikutana na kitabu cha Kiswahili kuhusu nchi yake kupitia Kifaransa. Hata hivyo ni toleo hilo la Kifaransa lililomfaa zaidi, kwa kuwa maelezo yake yaliandikwa na mtu aliyeishi nchini humo na kuzijua kumbukumbu zake.

Chukua kisa kimoja kilichomo. Tippu Tip anasimulia jinsi alivyofika Utetera, akadai kuwa na udugu na ukoo wa mtemi wa huko kupitia kwa mwanamke aliyetekwa zamani, na mzee Kasongo Rushie akampokea na kumwachia utawala. Msimulizi anakieleza kwa ucheshi wa mfanyabiashara aliyeshinda. Msomaji wa Berlin au London hupata hapo hadithi ya ujanja. Msomaji wa Maniema, ambaye mababu zake ndio waliotoa pembe na watu, husoma habari za unyakuzi, na pengine anajua jina la ukoo uliopoteza kiti. Hakuna toleo hata moja kati ya matatu hayo lililomwalika msomaji huyo aandike tanbihi. Ufikiaji ulikua kwa kila toleo, kutoka Kijerumani hadi Kiingereza hadi Kifaransa. Muktadha uliongezeka katika toleo moja, kwa sababu mhariri wake alikaa karibu na mahali.

Mombasa ya kipindi hichohicho inatupa mfano wa kulinganisha. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, yalikuwa yamebaki vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika, na kumfafanulia mmisionari W. E. Taylor maneno na matukio yaliyoyazaa. Karatasi za Taylor ziliishia London, katika maktaba ya chuo kinachoitwa SOAS. William Hichens alizitumia kutoa diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940. Mohamed Hassan Abdulaziz, mwana wa Mombasa, alizirudia na kutoa uchambuzi wake Nairobi mwaka 1979. Nakala ilikwenda mbali kama ile ya Tippu Tip. Tofauti ni kwamba hii ilibeba maelezo ya mjuzi wa mahali pembeni mwa beti. Abdulaziz, karibu karne moja baadaye, alikuwa na pa kuanzia. Laiti Sikujua angetoa mashairi matupu, mengi kati yake leo yangekuwa mafumbo hata kwa watu wa Mvita.

Watumishi wa Élisabethville na sauti ya Kalundi Mango

Mwaka 1965, katika mji uliokuwa ukiitwa Élisabethville na ambao mwaka uliofuata ungeitwa Lubumbashi, kilitoka kijitabu kilichopigwa taipu na kurudufiwa. Kichwa chake kilikuwa cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Kilitolewa kwa jina la watumishi wa zamani wa nyumbani, wale walioitwa «maboyi», na aliyekiandaa alikuwa André Yav. Lugha yake ni Kiswahili cha Katanga, nacho kinasimulia historia ya mji huo tangu kuingia kwa utawala wa Leopold II, kwa macho ya watu waliopika, kufua, kupanga meza na kusikiliza.

Ni vigumu kutia chumvi thamani ya kijitabu hiki. Nyaraka za kampuni ya Union Minière na za serikali ya kikoloni zina idadi ya wafanyakazi, mishahara, magonjwa na adhabu. Hazina mtu aliyesimama nyuma ya kiti cha bwana wakati wa chakula cha usiku. Yav na wenzake walikuwapo, na waliamua wao wenyewe kuandika, bila mwanataaluma wa kuwauliza maswali. Kwa mwanahistoria, hilo la mwisho ndilo adimu zaidi.

Kijitabu hicho kilimfikia Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Lubumbashi katika miaka ya 1970 na baadaye kufundisha Amsterdam. Alipojaribu kukisoma alikwama, ingawa alikuwa amekijua Kiswahili cha Katanga kwa muda mrefu. Tahajia haikufuata kanuni moja. Mipaka ya maneno ilihamahama. Herufi moja ilisimamia sauti zaidi ya moja. Sentensi hazikuwa na alama za kuonesha zinapoishia. Aliyezoea Kiswahili sanifu angesema kimeandikwa vibaya. Fabian alichukua njia nyingine. Alimwomba Kalundi Mango, mzungumzaji wa Kiswahili cha Katanga, akisome chote kwa sauti, akarekodi usomaji huo, kisha akaunukuu. Pale sauti ilipopita, maneno yalijitenga, sentensi zikapata mwanzo na mwisho, na matini ikaeleweka. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1990 kikiwa na matini ya Yav, usomaji wa Kalundi Mango, tafsiri ya Kiingereza, na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho.

Inafaa kulitafakari tukio hili kwa kina, kwa sababu limebeba karibu hoja yote ya makala haya. Kabla ya Kalundi Mango kuketi mbele ya kinasa sauti, matini ilikuwa tayari imehifadhiwa. Ingeweza kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa mbele ya dunia nzima, nayo ingekuwa wazi na isisomeke. Programu za leo za kutambua maandishi zingetoa mkururo wa herufi tu. Muktadha uliohitajika haukuwa habari za ziada za kupamba ukurasa wa utangulizi. Ulikuwa uwezo wa kusoma kwenyewe, uliokuwa ndani ya koo na masikio ya mtu wa Lubumbashi. Watumishi wale waliandika kama walivyosema, wakimwandikia msomaji ambaye angesema kama wao.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 matini hiyo, pamoja na usomaji na tafsiri yake, iliwekwa kwenye tovuti ya Amsterdam iliyohaririwa na Fabian na Vincent de Rooij, katika mkusanyo wa matini za Kiswahili cha watu wa kawaida. Humo ziliwekwa pia mahojiano na michezo ya kuigiza kutoka Katanga. Hii ilikuwa kabla ya Tamko la Berlin kuwa wimbo wa kila mkutano, na bila fedha nyingi. Fabian aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2008, akieleza jinsi kuwepo kwa matini mtandaoni kunavyobadili uandishi wa kitaaluma: mtafiti hana tena ruhusa ya kunukuu mistari anayoipenda na kumwachia msomaji imani, msomaji anaweza kuifungua matini yote na kubishana naye.

Hoja hiyo ni nzuri, ila tuulize ni msomaji yupi. Maelezo ya tovuti hiyo ni ya Kiingereza. Mwanafunzi wa historia wa Lubumbashi husoma kwa Kifaransa. Mwanafunzi wa Kiswahili wa Dodoma au Eldoret anaelewa matini kwa taabu, kwa kuwa hajafundishwa kwamba «batu» ni «watu», na mara nyingi amefundishwa kwamba kusema hivyo ni kosa. Matini imefunguliwa kwa wote, na kila mmoja kati ya wasomaji hawa wawili amekutana na kizingiti chake. Kizingiti cha kwanza kingeondolewa kwa kurasa chache za maelezo ya Kifaransa na Kiswahili. Cha pili ni kazi yetu, walimu na wanaleksikografia, wala hakuna wa kumlaumu Amsterdam.

Hapa nitaongeza neno kuhusu kichwa cha kijitabu. Mkutubi anayeorodhesha kwa kutazama jalada pekee ataliona neno «vocabulaire» na kukiweka rafu moja na kamusi. Hata ndani ya mfumo wa kidijitali, ambamo rafu ni neno tu la utafutaji, kosa hilo hufanya kazi ileile: anayetafuta historia ya kazi za ndani katika miji ya kikoloni hatakiona.

Lamu na London

Msikiti wa Riyadha wa Lamu, unaohusishwa na Habib Saleh aliyefariki mwaka 1936, una maktaba ya miswada ambayo sehemu kubwa ni ya Kiarabu: fiqhi, nahau, tasawufu, maulidi. Miswada hiyo ilipigwa picha katika mradi uliofadhiliwa na Programu ya Nyaraka Zilizo Hatarini ya Maktaba ya Uingereza, ukiongozwa na mwanahistoria Anne Bang wa Norway kwa ushirikiano na wenyeji wa Riyadha. Programu hiyo, iliyoanza mwaka 2004 kwa fedha za mfuko wa Arcadia, ina masharti mawili yanayostahili sifa. Nyaraka asili hazitoki katika nchi yake, na nakala za kidijitali huwekwa katika taasisi ya nchi husika pamoja na ile ya London.

Baadhi ya vitabu vya Riyadha vina maandishi ya wakfu. Mtu alikitoa kitabu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, kisomwe na wanafunzi wa mahali fulani, na kisiuzwe wala kurithiwa. Kwa hakika wakfu ni aina ya ufikiaji huria iliyotangulia matamko yote tuliyoyataja. Unaondoa bei, na wakati huohuo unataja jamii ya wasomaji na kumpa mtu fulani dhamana ya kutunza. Kitabu kilisomwa mbele ya mwalimu, aliyekisoma mbele ya mwalimu wake, na ruhusa ya kukifundisha ilipita katika mnyororo huo. Picha ya ukurasa huibeba hati na wino. Mnyororo huweza kuelezwa tu, na wa kuueleza ni wale walio ndani yake. Bang ameyashughulikia maandishi ya umiliki na wakfu katika machapisho yake, na kwa hiyo tunayajua. Mradi ambao ungeishia kwenye kupiga picha na kuandika kichwa cha kitabu ungeyapita.

Oktoba 2023, Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na kundi la wahalifu wa mtandao linalojiita Rhysida. Mifumo yake ilianguka. Orodha kuu ya maktaba ilianza kurejea Januari 2024, tena kwa sehemu, na huduma nyingi za kidijitali zilikosekana kwa muda mrefu zaidi. Miongoni mwa vilivyozimika ni picha za Programu ya Nyaraka Zilizo Hatarini. Mtafiti wa Oslo, Muscat au Nairobi aliyekuwa akisoma miswada ya Lamu kwenye skrini aliamka na kukuta ukurasa mtupu. Lamu, vitabu vilikuwa rafuni.

Ni rahisi kulichukua tukio hili kama fimbo ya kuwachapa waliotutangulia kwa mitambo, na nimesikia watu wakifanya hivyo. Mwenye kusema hivyo akumbuke kwamba kisa cha hifadhi za ukanda wetu wenyewe si cha kujivunia kila mara: nakala zilizoletwa kwa sherehe hukaa katika diski ngumu ndani ya kabati, ufunguo ukiwa kwa mtu aliyestaafu, umeme hukatika, mkataba wa seva huisha pamoja na ufadhili. Shambulio la London limetufundisha jambo finyu zaidi, ambalo ni la kiufundi na la kisera kwa pamoja. Nakala ya pili iliyo nyumbani ina maana endapo tu inaweza kusomwa peke yake, pasipo orodha ya London. Ikiwa faili zilizoko Lamu au Nairobi zina namba tupu za mradi, na maelezo ya kila namba yako kwenye seva iliyozimwa, basi anguko la London ni anguko la kote. Maelezo na picha vinapaswa kulala chumba kimoja.

Makerere inatupa mfano wa urejeshaji uliofanywa kwa fikra. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, alirekodi muziki wa jamii nyingi za nchi hiyo kuanzia mwisho wa miaka ya 1940, na rekodi zake zikahifadhiwa London. Nakala zilirejeshwa Makerere kwa juhudi za Sylvia Nannyonga-Tamusuza na kuwekwa katika hifadhi yenye jina la Wachsmann. Katika makala aliyoiandika pamoja na Andrew Weintraub mwaka 2012, swali halikuishia kwenye kurejesha sauti. Waliuliza hifadhi ya sauti ni ya nini, na ni nani aisikilize. Wimbo wa arusi au wa msiba, ukiwa na lebo ya kabila na ala pekee, ni wimbo uliopoteza siku yake. Aliyewahi kuimba mahali hapo anaweza kuurudishia siku hiyo, na umri wake haumsubiri mfadhili.

Herufi tatu

Mfano wa mwisho ni mdogo kwa sura, nao una uzito kwa washauri wa sera kuliko mingine, kwa sababu kuurekebisha hakuhitaji bajeti kubwa. Katika mfumo wa orodha za maktaba unaotumika duniani, kila kitabu hupewa alama ya lugha yenye herufi tatu. Kwa Kiswahili ni «swa». Alama hiyo hubeba kila kitu: utenzi wa Pate, gazeti la Dar es Salaam, tawasifu ya Tippu Tip na kijitabu cha Yav. Kiwango kipya zaidi cha kimataifa, ISO 639-3, kimeigawa: «swh» kwa Kiswahili cha pwani na sanifu, «swc» kwa Kiswahili cha Kongo. Kuna wataalamu wetu wanaouchukia mgawanyo huu, wakiona kwamba unaipasua lugha moja wakati ambapo Jumuiya ya Afrika Mashariki imeifanya kuwa lugha rasmi, na Umoja wa Afrika nao unaikumbatia.

Mwandishi wa makala haya anaielewa hofu hiyo lakini haikubali. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo katiba yake ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, iliingia katika Jumuiya mwaka 2022. Imeingia na mamilioni ya wasemaji ambao maandishi yao, pale yalipokusanywa, yamezama ndani ya «swa» bila kuonekana. Anayetaka kujenga kamusi, programu ya kutafsiri au kifaa cha kutambua sauti kwa ajili ya hospitali ya Bukavu hatapata data zake kwa kutafuta Kiswahili kwa jumla. Atapata magazeti ya Dar es Salaam, na mtambo wake utamsikia mama wa Bukavu kana kwamba anakosea. Umoja wa lugha hauimarishwi kwa kuficha lahaja katika orodha. Zaidi ya hayo, mifumo mingi inaruhusu kuandika alama zote mbili.

Hili linatuleta kwenye mikataba inayoandaliwa sasa. Vifungu kuhusu hakimiliki na leseni hujadiliwa kwa wiki kadhaa, na wanasheria hulipwa. Kifungu cha maelezo ya orodha huwa na sentensi moja, inayosema kwamba yatafuata viwango vya kimataifa, nacho hupewa muda wa mwisho wa mradi, fedha zikiwa zimekwisha. Mpangilio huo ugeuzwe. Fedha za kumlipa msomaji wa mahali ziwekwe mwanzo, kwa kiwango kile anacholipwa mpiga picha angalau. Maelezo yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, au kwa lugha ya matini yenyewe, kisha yatafsiriwe. Jina la aliyesoma na kueleza liingie katika orodha kama mchangiaji. Viwango vya kimataifa vinavyotajwa havikatazi lolote kati ya haya. Nafasi ya kuandika jina la msimulizi au msomaji imo ndani yake tangu zamani. Na pale jamii inapoomba kitu kisioneshwe hadharani, ombi hilo pia ni maelezo: liandikwe katika orodha, pamoja na sababu yake na jina la mwenye kuweza kuliondoa, ili mtafiti ajue kwamba kitu kipo na ajue wa kumwendea.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoko Zanzibar, ina mamlaka ya kutosha kupendekeza kiolezo kimoja cha maelezo kwa nchi wanachama, chenye sehemu za lahaja, hati, tukio, msomaji na sharti. Kazi ya majaribio inaweza kuanza na matini ambazo tayari ziko wazi, zisizohitaji mkataba mpya wala ruhusa ya kamera. Vocabulaire ingefaa kuwa ya kwanza. Lugha: Kiswahili cha Kongo. Aina: historia. Mwandishi: André Yav, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani. Msomaji: Kalundi Mango. Mahali: Élisabethville, leo Lubumbashi. Aya mbili za muhtasari kwa Kiswahili na Kifaransa, zitakazoandikwa na wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi baada ya kukisoma chote, kwa sauti.